Maswali Yenu: Droni Shambani, Ndege Angani

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi na Lamu kwa wingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye mambo.

SWALI: Nina shamba la minazi la ekari 5 upande wa Ganda, kama kilomita 4 magharibi ya uwanja wa ndege wa Malindi. Mpwa wangu ana droni ndogo na anataka kulipiga picha shamba zima ili nijue ni minazi mingapi imekufa kichwa. Shamba ni letu tangu enzi za babu na hati ninayo. Je, bado nahitaji ruhusa ya mtu? Ramani ya programu yake haina rangi nyekundu ya kukataza pale.
– Mwenye shamba, Ganda

JIBU: Unahitaji. Hati inahusu udongo na kilichoota juu yake. Anga ya juu ya minazi yako inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, chini ya kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020. Kanuni hizo zinakataza kurusha droni bila idhini ndani ya kilomita 10 za uwanja wenye herufi ya daraja C hadi F (herufi hufuata ukubwa wa ndege zinazoutumia uwanja), au kilomita 7 kwa viwanja vidogo vya A na B. Umbali unapimwa kutoka nukta ya rejea ya uwanja, yaani nukta moja rasmi inayowakilisha uwanja kwenye ramani, siyo kutoka kwenye ua wake wa waya. Kwa kilomita 4 wewe umo ndani kwa hesabu yoyote, kwa hiyo usipoteze muda kubishana kuhusu herufi.

Kuhusu rangi nyekundu: ramani ile huchorwa na mtengenezaji wa droni. Haikuchorwa na KCAA. Droni kukubali kuwaka si ruhusa, kama vile pikipiki kukubali kuwaka si leseni.

Sasa tuseme kwa nini kilomita 4 si mbali. Uwanja wa Malindi una njia mbili za kurukia. Moja ni 17/35, ambayo inakwenda karibu kaskazini na kusini, na nyingine ni 08/26, inayokwenda mashariki na magharibi. Namba hizo ni digrii za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho. Ndege hutua ikiukabili upepo. Wakati wa kusi, ndege inayotua 17 inaingia ikitokea kaskazini. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka, na upepo ukivuta kutoka mashariki hutumika 08. Ndege inayotua 08 inatokea magharibi, yaani upande wako. Chukua ramani, weka rula juu ya njia ya 08/26, uivute hadi Ganda, uone mstari unapita umbali gani na shamba lako. Mpwa wako afanye hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mteremko wa kawaida wa kutua ni digrii 3, sawa na kushuka mita 52 kwa kila kilomita. Ndege iliyobakiza kilomita 4 iko kwenye mita 210 hivi. Iliyobakiza kilomita 2 iko kwenye mita 105. Kimo cha juu kinachoruhusiwa kwa droni ni futi 400, yaani mita 122. Umeona? Mtu anayerusha kwa futi 400 kilomita 2 kutoka kichwa cha njia yuko juu ya ndege inayotua, na huku anajiona ametii sheria. Tena hiyo ni hesabu ya ndege iliyonyooka vizuri. Ndege ndogo ambayo rubani wake anaongozwa na macho tu, au helikopta inayofuata pwani, haina deni na mteremko huo.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza droni isajiliwe KCAA kwa jina la mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Pili, ukimlipa mpwa wako hata kidogo, hiyo ni biashara, na biashara inataka leseni ya rubani na cheti cha uendeshaji. Kwa kazi ya siku moja ya ekari 5, maoni yetu ni kwamba ni nafuu kumwita mwenye cheti tayari. Tatu ni ombi la anga. Andika latitudo na longitudo ya katikati ya shamba, nusu kipenyo cha eneo (kwako mita 150 zinatosha), kimo cha juu kutoka ardhini, tarehe, saa, namba ya usajili, na simu ya rubani itakayokuwa imewashwa muda wote. Omba kimo unachokihitaji tu. Ombi la mita 60 ni rahisi kukubalika kuliko la mita 120, na wewe huhitaji 120.

Hapo kwenye saa ndipo watu wa kwetu hukosea. Usafiri wa anga duniani kote hutumia saa moja ya kimataifa, UTC, na Kenya iko saa 3 mbele. Saa tatu asubuhi yetu huandikwa 0900 kwa saa za Kenya na 0600 kwa UTC. Ukiandika 0300 kwa mazoea ya "saa tatu", umeomba kuruka saa kumi na mbili alfajiri, na utakaporuka saa tatu hakuna anayejua uko juu.

Siku yenyewe, piga simu uwanjani kabla ya kurusha na baada ya kutua. Mtu wa pili asimame kando ya rubani, kazi yake kutazama na kusikiliza anga, asiangalie skrini. Akisikia injini, droni ishuke papo hapo kwa kuvuta mkono wa rimoti chini. Usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani! Kitufe hicho kwanza huipandisha droni hadi kimo cha kurudi kilichowekwa, ndipo iongoze njia. Yaani unaipeleka kwenye ndege unayoikimbia. Droni ndogo hushuka mita 3 hadi 5 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mita 60 unahitaji sekunde 12 hadi 20. Ndege ya mwendo wa noti 100 (kama kilomita 185 kwa saa) katika sekunde 20 imekata kilomita moja. Ukingoja uione vizuri umechelewa.

Jambo la mwisho ni wagema. Kanuni inataka mita 50 kutoka kwa watu wasiohusika na kazi. Mgema aliye juu ya mnazi wa mita 15, kibuyu kiunoni na kisu mkononi, hahusiki, wala hana mahali pa kurukia akishtuka. Jua ratiba yake, subiri ashuke. Majirani nao waarifiwe siku moja kabla. Picha ya ua wa mtu ni habari zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda.

SWALI (la mwenye shamba huyo huyo): Tukishapata ruhusa, turushe kimo gani na picha ngapi? Jirani alijaribu, picha zikakataa kuungana.

JIBU: Za jirani zilikataa kwa sababu ya urefu wa minazi. Kamera ya kawaida ya megapikseli 12 yenye lenzi ya milimita 24 ikiwa mita 60 juu hufunika ardhini kama mita 87 kwa 65, na pikseli moja ni sentimita 2 na kitu. Programu ikiambiwa picha zipishane ubavuni kwa asilimia 70, yaani kila picha irudie asilimia 70 ya picha ya mstari wa jirani, hupanga mistari ya kuruka kila mita 26. Lakini hesabu hiyo ni ya ardhini. Kichwa cha mnazi wa mita 20 kiko mita 40 tu kutoka kwenye kamera, na hapo picha hufunika mita 58. Mistari ile ile ya mita 26 sasa inapishana kwa asilimia 55, na makuti yanayopepea hayatoi alama za kushikana. Programu ya kuunganisha inachanganyikiwa, unapata minazi yenye vichwa viwili.

Weka kupishana kwa asilimia 80 mbele na 80 ubavuni. Mistari itakuwa kila mita 17, na kule juu ya makuti bado utabaki na asilimia 70. Ekari 5 zenye umbo la mraba ni kama mita 142 kila upande, kwa hiyo ni mistari 9, na uongeze mmoja kila kando ili kingo zisikatike. Jumla ni mistari 11 ya mita 180, kilomita 2 hivi. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde ni dakika 7, na pamoja na migeuko ni dakika 9 au 10. Betri moja nzima inatosha, nusu haitoshi.

Rusha kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi. Mapema zaidi vivuli ni virefu na mnazi mmoja unalaza giza juu ya mwingine. Ukichelewa, upepo wa baharini umeshaamka na makuti hayatulii. Mimea ikiwa imepandwa kwa mita 9 kwa 9, tarajia minazi 250 hivi. Hesabu ikikupa 310, mchanganyiko wa picha umekosea. Picha za mita 60 zitakuonyesha vichwa vilivyokufa na vilivyonyauka. Hazitakuonyesha makuti yaliyokatwa umbo la V na mdudu chonga. Hayo yanataka droni isogee mita 10 juu ya mti, mti mmoja mmoja, kwa mkono.

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni mpiga picha wa harusi Lamu. Bibi harusi anataka picha ya paa la nyumba yao, mji wa kale ukionekana nyuma. Dakika tano tu.
– Mpiga picha, Lamu

JIBU: Uwanja wa Manda uko ng'ambo ya mkondo tu, na mji mzima wa Lamu umo ndani ya eneo lake, Shela pia. Dakika tano zinataka idhini sawa na saa tano. Na hata ukiwa nayo, nyumba za mji wa kale zimejengwa ili walio ndani wasionekane: kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko katikati, dari, yaani paa la kukalia, iko juu, wanawake wamekaa kwa raha zao. Droni ya mita 20 inaona nyua kumi kwa mpigo. Punda nao wakishtuka kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, anayeumia ni mtoto.

Nunua mti wa kamera wa mita 5 au 6, ule wa kuvutika. Simama kwenye dari ya jirani kwa idhini yake, elekeza kamera kwa simu. Kwa picha hiyo moja matokeo ni yale yale.

SWALI: Droni yangu ikiinuka huanza kuzunguka duara, na duara linazidi kupanuka hadi inataka kugonga mti. Upepo hakuna. Fundi anasema mota.
– Kijana wa Mambrui

JIBU: Si mota. Mota mbovu huitingisha au huilaza upande mmoja. Kuzunguka duara linalopanuka ni dira iliyodanganywa: setilaiti zinaiambia iko hapa, dira inaiambia inatazama kule, nayo inasahihisha upande usio wenyewe. Bila shaka unaruka kutoka juu ya zege lenye nondo, kifuniko cha tangi la maji, au boneti ya gari. Sogea mita 15 hadi kwenye udongo mtupu, tandika turubai ulilolikaza kwa mawe, weka simu na funguo mbali, ndipo usawazishe dira upya. Ikianza kuzunguka ikiwa tayari angani, ishushe polepole mahali wazi. Kurudi nyumbani nako kunategemea dira hiyo hiyo.

SWALI: Nikirudi kutoka ufukweni nifanye nini ili chumvi isile droni? Na betri nazihifadhi zikiwa zimejaa, sawa?
– Msomaji, Malindi

JIBU: Si sawa. Betri ya lithiamu iliyojaa na kuachwa kwenye joto la Malindi huvimba. Kama huruki ndani ya siku mbili tatu, ibakize asilimia 40 hadi 60, volti 3.8 hivi kwa kila seli, kwenye kivuli. Iliyokwisha kuvimba usiichaji tena hata kama inawaka, na usiitoboe.

Chumvi: kitambaa laini kilicholoweshwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kukamuliwa hasa, pitisha kwenye mwili na mikono ya droni jioni ile ile. Zungusha kila mota kwa kidole ukiwa umezima. Ikikwaruza kama kahawa inayosagwa, kuna mchanga; pulizia kwa kipulizio cha mkono, usitie mafuta, kwa sababu mafuta hushika mchanga zaidi. Miguu ya betri ikiota ukungu wa kijani, sugua kwa mswaki laini na spiriti, ikauke dakika 15 kabla ya kuwasha. Propela yenye pengo hata la ukucha ibadilishwe pamoja na mwenzake wa mota hiyo.