Basi za umeme na waya wa Fumba

Ndugu yangu, umeuliza basi za umeme tutazichaji na nini na umeme wetu wenyewe hapa Zanzibar unatoka Tanzania bara. Hofu yako ina msingi: 2008 ilipotokea hitilafu, Unguja ilikaa kiza wiki kadhaa. Lakini tangu 2013 upo waya wa pili baharini, Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba hapa Unguja, unaobeba megawati 100. Na gari ya Darajani–Bububu haiendi mbali, inashinda njia ile ile fupi, inasimama kila kituo, dizeli inaungua bure kwenye foleni. Betri ijazwe usiku, watu wamelala. Mimi kinachonitia wasiwasi ni mwenye daladala: bila mkopo wa masharti nafuu, atabaki na gari yake kuukuu. Tuanze naye huyo.