Mimi ni mweka hazina, kitabu anacho mwenyekiti

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Kilwa. Tuko 12, wanawake 4. Wageni wa mradi wakija tunaitwa mbele tupigwe picha. Nilichaguliwa mweka hazina, ila kitabu cha stakabadhi kinalala kwa mwenyekiti, mimi naletewa nisaini. Doria hatupangwi, eti porini usiku si pa mwanamke, na posho yenyewe ni ya doria. Mume wangu hanikatazi, ila kila siku ananiuliza hiyo kamati inanipa nini. Nijiuzulu?*
*Mjumbe, Kilwa*

Marahaba mwanangu. Usijiuzulu, ila kuanzia leo acha kusaini. Ukurasa ambao hukuuona ukiandikwa usiuwekee jina lako, maana fedha zikipungua atakayeitwa ofisini ni wewe. Msitu wa hifadhi ya kijiji mapato yake ni ya kijiji, na magogo ya mpingo si hela ya chumvi.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji na muhtasari wa kikao kilichokuchagua. Kama muhtasari haupo, hapo tayari umeshajua tatizo limeanzia wapi. Omba ukabidhiwe kitabu kwa maandishi, mbele ya wajumbe. Kisha hesabu: magogo yaliyogongwa nyundo ya alama ya kijiji ni mangapi, na stakabadhi zilizokatwa zinasemaje? Wala usimtuhumu mtu, wewe soma namba tu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, na ya kamati yenu uombe uyasome wewe.

Kuhusu idadi yenu. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kamati iundwe kwa kuzingatia uwiano wa jinsia, ikaishia hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haikuishia hapo: baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Namba ikishaandikwa watu hawabishani. Basi nanyi pelekeni yenu kwenye sheria ndogo za kijiji, ijadiliwe mkutanoni, halmashauri ya wilaya iidhinishe. (Ingawa nimewahi kuona nafasi ya mwanamke ikijazwa jina la mke wa mkubwa fulani ambaye hata kikao kimoja hakukanyaga.)

Sasa hiyo doria ndiyo inayonikera. Miaka niliyofanya kazi ya misitu huko kusini, niliwahi kukaa kikao chini ya mwembe, wanaume kwenye mabenchi, wanawake nyuma kwenye mikeka. Vijana wa doria wakasema wamezunguka mwezi mzima, msitu salama. Mama mmoja akaguna. Nikamwomba aseme. Akasema juzi alikwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, akapita visiki vitatu, unga wa msumeno bado mweupe. Tulikwenda naye. Visiki vilikuwa vitano.

Huyo mama hakuwa na posho wala buti. Alikuwa na jembe na kapu. Nyie mnaokwenda kuni, ukindu na ming'oko mnaingia msituni mchana, mara nyingi kuliko hao wa usiku. Kwa hiyo msiombe kupelekwa porini usiku kama hamtaki. Ombeni doria ya mchana iandikwe kwenye ratiba, wawiliwawili au watatu, ripoti iingie daftarini, na posho iwe ileile.

Hukuniambia vikao mnakaa saa ngapi. Kama ni saa kumi jioni, wakati mko kisimani, au msimu wa kuvuna ufuta wakati mmehamia mashambani, hilo nalo lilete mezani kabla ya mengine.

Mumeo mjibu kwamba bado unahesabu. Ukishakabidhiwa kitabu niandikie tena, uniambie kimefika stakabadhi namba ngapi.