Anza na mpingo

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kujifunza miti na utunzaji wa misitu ukiwa hapo Kilwa, na ada ya chuo bado. Anza na mpingo. Mwombe fundi wa vinyago akuoneshe gogo lililokatwa: pembeni ukanda mwembamba mweupe, ndani kiini cheusi tii. Hicho cheusi ndicho kinachotengenezewa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, huko Ulaya. Mti wenyewe huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo anayeukata leo anakata wa babu yake.

Kisha nenda Kikole au Kisangi. Misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009, cha uvunaji endelevu. Omba ufuatane na kamati ya maliasili kwenye doria. Wazee watakuuliza kwanza, "We mtoto wa nani?" Jibu vizuri, usiwe na haraka. Beba daftari, andika jina la kienyeji la kila mti kabla ya lile la kisayansi. Waulize pia kwa nini nyasi huchomwa mapema, zikiwa bado na unyevu.