Je, nchi isiyo tajiri inaweza kugharamia matibabu ya wote?
Ndugu, umeuliza kama matibabu yanayolipiwa na serikali yanawezekana katika nchi isiyo tajiri, au ni ahadi za kampeni tu. Yanawezekana. Thailand haikusubiri itajirike: mwaka 2002 ilitumia fedha za kodi, mgonjwa akachangia baht 30 tu kila anapotibiwa. Uingereza ilianza 1948, ikiwa bado na madeni ya vita. Foleni zipo, sikatai, hasa za upasuaji usio wa dharura. Lakini ni heri foleni inayoangalia uzito wa ugonjwa kuliko mlango unaofunguliwa kwa pesa.

Kuhusu mageuzi, upinzani usikukatishe tamaa. Kule Kanada, jimbo la Saskatchewan lilipoanza mpango kama huu mwaka 1962, madaktari waligoma siku 23 kuupinga. Mpango ukabaki, na baadaye nchi nzima ikaufuata.