Jibu: Besi na alkali, tofauti iko wapi?

Mdau, umeuliza kama besi na alkali ni kitu kimoja, maana mwanao wa kidato cha pili anasumbuliwa na swali hilo. Si kitu kimoja. Alkali zote ni besi, ila si besi zote ni alkali. Besi huiua nguvu asidi, zikabaki chumvi na maji. Besi ikiwa inayeyuka kwenye maji, ndiyo tunaiita alkali. Oksaidi ya shaba, ule unga mweusi wa maabara, ni besi lakini haiyeyuki, kwa hiyo alkali siyo. Kostiki soda wanayonunua watengeneza sabuni Kariakoo inayeyuka, tena maji yanapata moto. Hiyo ni alkali kali.

Mambo ya pH, kile kipimo cha uasidi na ualkali, atayakuta kwenye daftari. Mfanyie jaribio badala yake. Chemsha rozela, chuja, iache ipoe, gawa glasi mbili. Moja kamulia limau, ambalo lina asidi: wekundu unakolea. Nyingine tia maji ya magadi, haya haya ya kulainishia maharage, nayo ni alkali, tone kwa tone. Itageuka zambarau, kisha samawati, mwisho kijani chafu. Usichelewe, rangi huharibika. Irudishie limau: povu la kabonidayoksaidi litatoka na wekundu utarudi.

Ila asithubutu kuchanganya dawa ya choo yenye asidi na jiki. Hapo inatoka klorini, gesi ya sumu, na vyoo vyetu vya uswahilini dirisha lenyewe tundu la tofali moja.