Betri ya akiba kwa mashine ya oksijeni

Ndugu muuguzi, kwa kuwa umeme wa zahanati yenu hukatika kwa muda wa saa 4 na wagonjwa wanategemea mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika, anza na kibandiko chake: kikisema wati 350, unahitaji wati-saa 1,400, mbali na umeme unaopotelea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, lakini ukizoea kuitumia zaidi ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo nunua mbili. Inveta iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, yenye kuhimili kompresa ya mashine inapowaka. Hapo usibane pesa, kwani inveta ya bei rahisi isiyo ya wimbi safi hupasha mota joto kupita kiasi. Fundi wa vifaa tiba akague kwanza, na silinda iliyojaa ibaki karibu.