Programu ya simu na mazoezi ya nguvu kwenye gimu ya wazi

Ndugu, umeuliza kama programu ya simu inaweza kumfanya mtu adumu na mazoezi ya nguvu kwenye vyuma vya bustani za umma, au kama ataifuta tu baada ya wiki mbili. Mimi nilifuta mbili kabla ya kupata hii ninayoitumia kwa mwaka wa pili sasa, na kilichoitofautisha na zile sicho nilichokuwa nakitafuta.

Zile za mwanzo zilikuwa hodari wa kukumbusha, ilhali mimi sikuwa nimesahau: kila jioni nilikuwa napita kando ya vyuma hivyo. Kilichonizuia ni kutojua la kufanya nikifika, pamoja na aibu ya kubabaika mbele za watu kwenye chuma ambacho maelezo yake yamefutwa na jua. Programu ya tatu ilinionyesha video fupi ya kila zoezi, nikawa naitazama nikiwa nimekaa pembeni, kisha nainuka na kufanya.

Faida kubwa zaidi niliiona baadaye. Vyuma vingi vya namna hii hutumia uzito wa mwili wako mwenyewe na havina vipande vya kuongeza, kwa hiyo misuli ikishazoea, unaweza kurudia zoezi lilelile kwa miezi bila kupata nguvu mpya. Baada ya kila seti programu huniuliza zoezi lilikuwa gumu kiasi gani, kati ya 1 na 10. Nikiandika 5 kwa siku kadhaa, hubadilisha zoezi lenyewe: nishuke polepole kwa hesabu ya tatu, nitumie mguu mmoja, au pushapu nilizokuwa nikifanya kwa kushika bomba la kiunoni nizihamishie kwenye bomba la chini. Kwenye pulapu nilianza kwa kuning'inia tu, nikaendelea kwa kuruka hadi juu na kujishusha taratibu, na ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri kabla ya kujivuta mara moja kamili.

Kuhusu ratiba, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku 2 kwa wiki. Programu moja niliyoifuta ilidai mazoezi kila siku na kunihesabia kila pumziko kama kushindwa, jambo lililonikatisha tamaa bure.

Usitegemee simu ijihesabie yenyewe. Kihesabu hatua kitarekodi safari yako ya kwenda bustanini, lakini ukining'inia kwenye bomba hakioni kitu. Marudio utayaandika kwa mkono. Pakua video kabla ya kutoka, na weka simu katika hali ya kutopokea simu wala ujumbe, la sivyo pumziko la dakika moja litageuka dakika kumi za kusoma mambo ya watu. Tena programu haijui maumivu yako: bega liliponichoma, yenyewe iliendelea kunihimiza niongeze, na ilinibidi niamue mwenyewe kuacha zoezi lile kwa wiki tatu.

Kabla ya kuichagua, jaribu kuongeza zoezi ambalo halimo kwenye orodha yake. Ikikataa, achana nayo, kwa sababu vyuma vya bustani mbili havifanani.